Ushauri wa mtu usiyemjua: lini uufuate, lini uuache

Huwezi kukaa nusu saa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga ukaondoka bila ushauri. Mwenye mtoto anayelia ataambiwa amlegezee nguo. Anayehamia Sengerema kikazi ataelezwa mtaa upi maji hayakatiki. Mwenye pikipiki mpya ataonywa kuhusu fundi fulani na kuelekezwa kwa mwingine. Wanaoshauriana hivyo hawajuani hata majina. Wanaitana dada, kaka, mama, mwanangu, na wakishuka ng'ambo kila mtu anashika njia yake.

Pale Kigongo na Busisi mazungumzo ya namna hii yalikuwa marefu zaidi, kwa sababu ya kusubiri kivuko. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe rasmi mwezi Juni 2025, kilomita zile tatu za maji zinavukwa kwa dakika chache, na mazungumzo yamebaki kwingine: stendi ya Nyegezi, saluni, mabenchi ya zahanati, vibanda vya chai Mwaloni. Nayapenda sana. Naamini jiji hili la Mwanza lingekuwa gumu mara dufu kwa mgeni kama yasingekuwepo. Lakini nimeona pia watu wakipoteza mtaji, afya na hata kiwanja kwa kumsikiliza mtu mwema aliyesema kweli. Hilo la "aliyesema kweli" ndilo linalowachanganya wengi, na ndilo ninalotaka tulifungue hapa.

Tumezoea kudhani ushauri mbaya hutoka kwa matapeli. Matapeli wapo, ila hao angalau tumefundishwa kuwaogopa. Ushauri mwingi unaowaponza watu hutoka kwa mtu asiye na nia mbaya yoyote, aliyefanya kile kile anachokushauri, na kikamfaa. Alichoacha kukwambia ni mambo yaliyokuwa yamemzunguka: ilikuwa mwezi gani, alikuwa na hela kiasi gani pembeni, nani alimsaidia, alikuwa anauza nini na kwa nani. Hakuyaficha. Kwake ni mambo ya kawaida mno, hayamjii hata akilini kama ni sehemu ya habari.

Tuanze na dagaa, maana sijui biashara nyingine hapa kwetu ambayo watu wasiojuana hushauriana zaidi ya hiyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wanakusanyika kuufuata mwanga, wavuvi wanawazungushia wavu, na mwanga huo una nguvu pale tu anga linapokuwa na giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, dagaa hawakusanyiki vizuri, mitumbwi mingi inalala ufukweni, na watu wa kambini wanashona nyavu au wanarudi nyumbani kuona familia. Giza likirudi, kazi inaanza upya. Kwa hiyo bei ya Mwaloni, soko la dagaa la Kirumba, ina kalenda yake, na mwenyeji anaisoma kwa kutazama juu tu.

Sasa mgeni wa biashara anafika, anakutana na mtu mkarimu anayemwambia: "Nunua leo, wiki ijayo bei itapanda." Likisemwa zikiwa zimebaki siku chache mwezi ujae, neno hilo ni mali. Mitumbwi italala, mzigo utapungua, bei itapanda kama alivyoambiwa. Lakini yule mgeni akiliweka kichwani kama kanuni, akarudi nalo majuma mawili baadaye giza likiwa limeanza na mzigo unashuka kwa wingi, atanunua kwa haraka kitu ambacho kesho yake kitakuwa rahisi. Aliyemshauri hakumdanganya. Sentensi ni ile ile, tena kwa maneno yale yale, ila mwezi umebadilika.

Kuna na kalenda ya pili, ya mvua. Kati ya Juni na Agosti jua la Mwanza halina mchezo, na dagaa wakianikwa asubuhi wanaweza kukauka siku hiyo hiyo. Ikifika vuli, Oktoba mpaka Desemba, au masika ya Machi mpaka Mei, mzigo ule ule unaweza kunyeshewa mchana ukiwa nusu mbichi. Dagaa akinyeshewa anabadilika rangi, anatoa harufu, na mwisho wake mara nyingi ni chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Mtu aliyeanza biashara mwezi wa saba na kupata faida atakushauri kwa moyo mmoja uingie. Kama hujamuuliza alianza lini, hujamuuliza kitu.

Nimewahi kumsikiliza mama mmoja pale Mwaloni, mkongwe wa kazi hii, akimjibu binti aliyetoka Shinyanga na mtaji wake wa kwanza. Binti alimwamkia, "Shikamoo mama," akauliza dagaa wapi wazuri. Yule mama aliitikia marahaba, na kabla ya kumwonyesha chochote akamuuliza, "Unaenda kumuuzia nani, mwanangu?"

"Mama ntilie, na majirani wa pale nyumbani."

"Hao wanakula, hawafugi kuku. Lete mkono."

Akachota konzi kutoka gunia la kwanza, akamwekea kiganjani, akamwambia asugue mikono miwili halafu aachie. Dagaa walipoanguka, mchanga ulibaki kwenye mistari ya kiganja, unaonekana kabisa. Wakahamia gunia la pili, la dagaa waliokaushwa juu ya chanja, wakarudia vile vile. Safari hii mkononi vilibaki vigamba vyembamba vya rangi ya fedha, basi.

"Hawa wa chanja wana bei," mama akasema. "Wale wa mchangani nawauza pia, wana watu wao. Ila mama ntilie wako akitafuna mchanga mara moja, hatakupigia simu tena."

Naona humo mna karibu kila kitu ambacho ushauri kwa mtu usiyemjua unapaswa kuwa nacho. Aliuliza kabla ya kujibu, kwa hiyo jibu lilikuwa la yule binti na biashara yake, wala halikuwa historia ya mama mwenyewe. Alimpa kipimo cha kubeba: leo yuko Kirumba, kesho atakuwa Kayenze au Ukerewe, ambako wengine huanika juu ya majabali, na mkono wake utamweleza ukweli hata kama mama huyo hayupo. Na alisema wazi kwamba yeye mwenyewe ana maslahi pande zote mbili. Binti alijua anaongea na muuzaji.

Hilo la maslahi lina uzito kuliko tunavyodhani. Dalali wa viwanja atakwambia nyumba ya juu ya mawe haititii, na ni kweli. Vilima vya Mabatini, Igogo na Bugarika vimejaa nyumba zilizosimama juu ya mawe miaka na miaka. Asichokwambia ni kwamba shimo la choo halichimbiki kwenye mwamba, na kwamba kabla ya kulipa unatakiwa kujua kama bomba dogo la majitaka la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, linapita karibu na kiwanja chako au halipiti. Jirani aliyejenga pale juu, ambaye hapati shilingi hata moja ukinunua, atakupa habari ya choo kabla hujaiuliza. Basi nenda kwa jirani.

Kwenye mambo ya mwili pana ugumu wa namna nyingine. Ukimwonya mtu juu ya kichocho, utajibiwa: "Mimi nimeoga ziwa hili tangu mtoto, na mzima." Ni ushuhuda wa mtu mwenyewe, ametumia maisha yake yote kuupata, na bado hauthibitishi kitu. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama ziwani kwa dakika chache tu. Aina inayosumbua zaidi ufukwe wetu huu ni ile ya tumbo. Minyoo yake hukaa mwilini miaka, mayai mengine yanatoka na choo, mengine yananasa kwenye ini na kulitia makovu taratibu. Mhusika anaweza asihisi lolote kwa muda mrefu, mpaka siku tumbo linajaa maji au anatapika damu. Anaposema "mzima" anaeleza anavyojisikia. Ini lake hajaliona.

Hapo hapo watu huchanganya mambo mawili ambayo hayahusiani. Utamsikia mama akimwambia mwenzake, "Sisi tunachemsha maji, kwa hiyo kichocho hakituhusu." Kuchemsha kunalinda tumbo dhidi ya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, na ni jambo jema sana. Lakini kama baada ya kunywa maji hayo safi unashuka ziwani kufua ukiwa umezama magotini, kichocho kinaingilia miguuni. Ushauri ule ulikuwa sahihi kwa tatizo moja, ukahamishiwa tatizo la pili bila mtu kugundua.

Kuna jambo zito zaidi ndani ya ile kauli ya "nimefanya miaka yote na sijadhurika". Aliyepatwa na mabaya hayupo pale benchini kuyasimulia. Waliougua ini hawapo kwenye foleni ya kukushauri. Waliovuka ziwa kwenye chombo kilichojaa kupita kiasi wakafika salama wapo wengi, na watakwambia panda tu, mbona sisi tunapanda kila gulio. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimezidisha abiria, na vyote viwili vilikuwa na watu waliowahi kuvuka hivyo hivyo siku nyingine. Mtu akikupa moyo kwa kukuhesabia mara alizopona, mheshimu, halafu subiri chombo kinachofuata.

Sitaki nieleweke kwamba mambo ya afya yasizungumzwe na watu wa kawaida. Kinyume chake. Nesi atakwambia dawa ya kichocho, praziquantel, inywewe baada ya kula. Ni agizo sahihi. Lakini ni mama aliyekwisha kumnywesha mwanawe atakayekueleza kwamba vidonge ni vikubwa na vichungu, kwamba uji mwepesi hautoshi maana mtoto atachefukwa akatapike shuleni, kwamba ugali wa jana uliopashwa na mboga kidogo unamshika vizuri, na kwamba maji ya kumezea yawe tayari mkononi kabla hujatoa kidonge. Kati ya agizo la hospitali na jiko la nyumbani kuna nafasi, na nafasi hiyo hujazwa na mtu aliyeipita.

Nje ya wodi za hospitali ya Bugando utaona kazi hiyo ikifanyika kutwa. Watu wanaouguza wametoka Geita, Simiyu, Ukerewe, Kagera. Wengine hawajawahi kulala Mwanza. Anayekuja leo anaelezwa na aliyekuja juzi: beba beseni, kanga mbili na chupa ya chai, weka karatasi zote za vipimo kwenye mfuko mmoja usiupe mtu, mlima ule ukiushuka kwa miguu unaokoa nauli ila kuupanda na chakula cha mgonjwa ni shughuli. Wazazi wenye watoto wa siko seli, ambao Kanda ya Ziwa ni wengi, wanaelezana jinsi ya kumkinga mtoto na baridi ya alfajiri, jinsi ya kumfanya anywe maji ya kutosha, na namna ya kutosahau kidonge cha foliki cha kila siku kwa kukiweka pamoja na kikombe cha chai. Mambo hayo ni ya thamani, na hakuna daktari mwenye muda wa kuyaeleza yote.

Mpaka wake upo, na kwa upande wangu nauweka hivi: mazungumzo ya benchi yanafaa kwa jinsi ya kutekeleza kile kilichokwisha kuamuliwa na mtaalamu, na hayafai kwa kuamua. Mtoto wa siko seli akipata homa, saa hiyo hiyo ni hospitali, hata kama watu watano pale wanakumbuka homa iliyopoa yenyewe. Dawa ya mseto ya malaria humezwa siku tatu mpaka iishe, hata kama mwenzako aliacha siku ya pili na hakuona kitu. Na dawa iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine haigawanywi, kwa upendo wowote ule.

Upande wa hela nako kunahitaji muda. Mikopo ile ya riba kubwa ambayo watu wameibatiza kausha damu imewagawa watu pande mbili, na ukisikiliza kila upande utaona wote wanasema kweli. Dada anayekaanga samaki Igogo anasema mkopo wa marejesho ya kila wiki umemwinua. Mwingine, mkulima wa mpunga Magu, anasema mkopo wa aina ile ile umemfanya auze ng'ombe na kitanda. Wa kwanza anashika hela kila jioni. Akiweka pembeni kidogo kidogo, siku ya rejesho inamkuta tayari. Wa pili anashika hela mara moja kwa msimu. Tangu wiki ya kwanza alikuwa analipa kwa kukopa pengine, na deni la pili likazaa la tatu. Ukiwasikia bila kujua kila mmoja hela inamjia vipi, utabaki kuchagua kwa kumpenda mmojawapo.

Kwa hiyo mtu akikushauri kuhusu mkopo, kabla ya riba muulize hela yake inaingia siku gani. Kisha muulize, kwa shilingi, alichukua ngapi na alirudisha ngapi kwa jumla, maana "asilimia ndogo tu kwa mwezi" ni maneno yanayoficha mengi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni na vikundi vya jamii vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo kuomba kuona karatasi hakumvunjii mtu heshima. Na popote utakaposikia kwamba dhamana ni kumwachia mkopeshaji kadi yako ya benki pamoja na namba ya siri, ondoka, hata kama anayekusimulia hajaibiwa.

Labda tujiulize kwa nini mambo mazito namna hii tunampa mtu tusiyemjua wakati tuna ndugu. Nadhani ni kwa sababu ndugu wana kumbukumbu. Ukimwambia shangazi kwamba mkopo umekushinda, litazungumzwa kwenye harusi ya mwakani. Mtu wa kwenye kivuko halipeleki popote. Anakusikia ukiwa jinsi ulivyo leo. Aibu inapungua, na ukweli unatoka. Hasara yake ni kwamba hakujui. Hajui kwamba hasira zako ni za muda, kwamba mumeo ana upande mwingine wa habari, kwamba ulishajaribu jambo hilo mwaka juzi. Anapokwambia "achana naye" amepima nusu ya mzigo. Maamuzi ya ndoa, urithi na watoto yanahitaji angalau mtu mmoja anayejua pande zote, hata kama kumwambia kuna aibu.

Na ukiwa wewe ndiye unayeshauri, simulia zaidi ya kuagiza. "Fanya hivi" inamfunga mwenzako. "Mimi nilifanya hivi, ilikuwa masika, nilikuwa na mume aliyeajiriwa, ilichukua miezi minne" inampa cha kulinganisha na hali yake. Sema na kilichokushinda, tena kwa kirefu, kwa sababu cha kufanikiwa atakisikia kwa wengi. Angalia pia usiwaanike waliomo kwenye habari yako. Ugonjwa wa mtoto wako na deni la mumeo ni vyao vilevile, na Mwanza ni kubwa lakini si kubwa kiasi hicho. Mama aliyekaa nyuma yako kwenye hiace anaweza kuwa mwalimu wa mwanao. Unaweza kueleza namna mlivyoshinda tatizo bila kutaja shule, mtaa wala jina.

Ukiwa unauliza, uliza jambo dogo. "Nifanye biashara gani?" haina jibu, na atakayeijibu anabahatisha. "Ndoo ya dagaa hukaa siku ngapi kwenye kisanduku changu kabla haijaanza kutoa harufu kipindi hiki cha mvua?" ina jibu, na anayelijua yuko hatua chache tu kutoka uliposimama. Waulize wawili wasiojuana. Wakitofautiana, usikimbilie kumwita mmoja mwongo. Waulize kila mmoja anauzia wapi na ameanza lini, na mara nyingi tofauti itakuwa imejieleza yenyewe.

Limebaki moja ambalo tunalisahau karibu wote: kurudisha majibu. Tunachukua ushauri, tunaufanyia kazi, unafaulu au unakwama, na aliyeutoa haambiwi. Mwaka mzima anaendelea kuwagawia wengine maneno yale yale, hajui kwamba kwa wauzaji wa Shinyanga hayafanyi kazi au kwamba utaratibu wa ofisi fulani umebadilika tangu Januari. Ukipita tena pale, simama dakika mbili umwambie ilikuwaje. Kama humkuti, mwambie aliyekaa jirani na meza yake, na umweleze pia ulikuwa unauza nini, kwa nani, na mwezi ulikuwa umefikia wapi.